Tairi linachomoka kwenye rimu ukipunguza upepo? Tafuta sababu kabla hujanunua bidiloku

Kila msimu wa baridi ukianza huku Omani, kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi, watu wanamiminika kwenye mchanga wa Sharqiya, ule wengine wanaita Wahiba, na kila msimu swali ni lile lile: "fundi, tairi limechomoka kwenye rimu, ninunue rimu gani?" Alafu kabla hujafungua mdomo mtu keshatoa simu anakuonyesha picha ya bidiloku, yani rimu yenye pete ya kulibana tairi lisichomoke, yenye bolti kibao zinang'aa kama masufuria ya bibi harusi. Ngoja kwanza. Mimi pancha nilijifunzia Arusha kwenye magari ya safari, Landcruiser zile za rimu za vipande na tyubu ndani, na saivi nina mwaka wa tisa kwenye gereji ya matairi huku upande wa Bidiyah, kwahiyo matairi yaliyochomoka nimeyaona ya kila namna, na wengi wanaokuja kwangu rimu wala sio mgonjwa. Mgonjwa ni kitu kingine, na akinunua rimu ya bei mbaya ugonjwa unabaki pale pale, hela ndo inaondoka.

Tuelewane maneno kwanza ili tusipotezane. Mdomo wa tairi ni ule ukingo mgumu wenye waya ndani, ndo unakaa kwenye rimu. Ukingo wa rimu ni ile kuta ya nje inayouzuia mdomo usitoke. Na kwa ndani kidogo, baada ya pale mdomo unapokaa, kuna kituta chembamba kimezunguka rimu nzima, ukipitisha kidole unakisikia, alafu ndo unashuka kwenye bonde la katikati ambalo fundi analitumia kuvalishia tairi. Mdomo ukivuka kile kituta ukadondokea bondeni, kwisha habari.

Sasa kinachoubana mdomo pale ni upepo wenyewe. Ukiwa na psi 35 (psi ndo kipimo cha upepo) upepo unausukuma mdomo kwa nguvu kwenye ukingo, haubanduki hata ukivutwa na ng'ombe. Ukishusha mpaka 15 ile nguvu imebaki chini ya nusu, ukishusha mpaka 8 imebaki robo hivi, na hapo kinachokuokoa ni umbo la rimu na jinsi unavyoendesha, basi. Ndo maana rimu za kushika mdomo zipo. Na ndo maana pia psi ni swali la kwanza kabla ya rimu.

Limechomoka tairi la mbele, mdomo wa nje, wakati unakata kona

Hii ndo kesi ya kila wiki. Mtu anashuka mlima wa mchanga, anaona gari ya mbele imekwama, anakata usukani ghafla kushoto, pwaa, tairi la mbele kulia limeshalala.

Ukikata kushoto uzito wote unaenda kulia, tairi la mbele kulia ndo linabeba mzigo. Mchanga umelishika tairi kwa chini, gari bado inataka kwenda ilikokuwa inaenda, kwahiyo rimu inasukumwa nje na tairi kwa chini linavutwa ndani, kuelekea uvunguni. Mdomo wa nje unabanduka, unapanda kituta, unadondokea bondeni. Ndo maana ni mdomo wa nje karibu kila siku, na ndo maana bidiloku nyingi za pete zinabana mdomo wa nje tu, wala sio kwamba watengenezaji wanabana matumizi.

Sababu zake, anza na za bure. Ulikuwa na psi ngapi, na ulipima na nini? Kuna mzee mmoja wa Ibra, Mwarabu wa kule lakini amekulia Unguja na Kiswahili chake kinanishinda mimi, alikuja na Patrol, tairi limechomoka mara mbili siku moja. Nikamwamkia shikamoo Ami, akaitika marahaba mwanangu, alafu akaanza moja kwa moja, "mimi naingia mchangani tangu wewe hujazaliwa, sijapata kuaibishwa namna hii, nitafutie rimu za bolti." Nikachukua geji yangu nikapima matatu yaliyobaki. Yeye anasema ameweka 15, geji inasoma 11 moja, 12 mbili. Geji yake ilikuwa imekaa kwenye dashibodi juani kiangazi chote, imechoka. Geji za bei rahisi ndo zao, na kwenye psi ndogo kosa la psi 3 ni kubwa kuliko ukiwa na 35, kwahiyo tafuta geji inayoishia 30 au 60, sio ile ya fundi wa malori inayoishia 200 ambayo 12 na 16 zote zinaonekana sehemu moja.

Lakini geji ilikuwa nusu ya habari. Nikainama nikaangalia ubavu wa tairi, badala ya kusimama wima umelala umefunguka kama sahani. Matairi 265/75R16, na rimu alizonunuliwa na mwanae ni inchi 10 upana. Saizi ile ya tairi imepangiwa rimu ya inchi 7 mpaka 8. Ukiivalisha kwenye 10 midomo inavutwa kila mmoja upande wake na ubavu unakuwa umetanuka, yani tairi limeshaanza safari ya kwenda bondeni kabla hata hujapunguza upepo. Watu wanadhani rimu pana inashika zaidi, kumbe kwenye upepo mdogo rimu iliyo upande mwembamba wa kipimo ndo inayoshika mdomo vizuri. Nikamuuliza Ami rimu za zamani ziko wapi, akasema ziko banda la mbuzi. Zikaoshwa, zikarudi kwenye gari, bidiloku hakununua na mpaka leo anapita kunisalimia tu. Mwanae ndo kidogo hakufurahi.

Kwahiyo angalia namba. 265/75R16 inataka 7 hadi 8, 285/75R16 inataka 7.5 hadi 9, 235/85R16 inataka 6 hadi 7.5. Kila kampuni ya tairi ina jedwali lake, soma la tairi lako wewe, usisome la jirani.

Ukimaliza upana geuza rimu usome maandishi, kwa ndani nyuma ya spoku mara nyingi. Utakuta kitu kama 16x7J H2. Hiyo H ndo kituta. H peke yake maana yake kituta kipo upande wa nje tu, H2 vipo pande zote mbili, FH ni kituta bapa. Ukikuta rimu haina herufi yoyote usikate tamaa, pitisha kidole, maana zipo zenye kituta bila maandishi, ila rimu za chuma za zamani sana na baadhi ya zile za trela hazina kitu kabisa, laini kama ubao wa kukunia... hapana, ubao wa kukunia hata una meno. Hizo za laini usiende nazo chini ya 20.

Na kasi. Ukiwa na 15 mchangani hiyo ni gari ya 30, 40 kwa saa, usukani wa taratibu. Ukitaka kona za vijana wa video ongeza upepo au nunua bidiloku, hapo sasa ndo nitakuelewa.

Limechomoka upande wa ndani

Hii ni nadra kidogo ila watu wanaikosea sana kwasababu hawaangalii ni mdomo upi umetoka, wanaona tairi limelala wanalivuta tu. Kabla hujagusa kitu chungulia uvunguni. Kama mdomo wa nje bado umekaa na wa ndani ndo umeingia bondeni, bidiloku ya pete ya nje haitokusaidia chochote, utakuwa umelipia kufuli la mlango ambao mwizi hakupitia.

Sababu ya kwanza ni ile rimu ya H moja, upande wa ndani hakuna kituta. Ya pili ukingo wa ndani umepinda, uligonga jiwe miezi sita iliyopita kule Jebel, milimani, na kwasababu kwa nje rimu inang'aa hukujua. Zungusha gurudumu likiwa kwenye jeki, weka bisibisi karibu na ukingo bila kugusa, uone kama nafasi inapanuka na kubana. Ya tatu umeingia kwenye mkondo mkavu wenye kingo, jiwe limesukuma tairi kutoka ndani kwenda nje. Hapo rimu za vituta viwili au rimu za kung'ata, zile zenye mifereji pale mdomo unapokaa, ndo dawa, au bidiloku za ndani ambazo zinabana pande zote, nitazifikia.

Upepo unapungua polepole baada ya safari

Asubuhi umekuta 35, jioni 31, kesho 26. Mchanga. Ulipokuwa na psi ndogo mdomo ulikuwa unabanduka kidogo na kurudi, kila ukibanduka punje zinaingia, ukijaza upepo punje zimebanwa kati ya mpira na rimu na upepo unapita pembeni yake. Chukua chupa ya maji ya sabuni, mwagia mzunguko mzima nje na ndani, mwagia na valvu. Mapovu madogo madogo yanayotoka kama maziwa yanayotaka kuchemka, hapo ndo penyewe. Tairi linabanduliwa, panafutwa kwa brashi ya waya laini na kitambaa, linarudishwa. Usimruhusu fundi apake grisi "ili lizibe", nitakueleza kwanini sasa hivi.

Kama ni rimu ya aluminiamu na umekuwa ukipita sabkha, ile ardhi ya chumvi, au ufukweni, angalia kutu nyeupe chini ya mdomo, inanyanyuka kama magamba. Hiyo inakwanguliwa mpaka pawe laini. Nyumbani kwetu pwani, Tanga na Dar, magari yanayoteremsha boti baharini yana ugonjwa huo huo.

Gari inatetemeka ukirudi lami, balansi ilikuwa safi

Kabla hujamgombeza fundi wa balansi, kwanza toa matope na mchanga uliokauka ndani ya rimu, mara ngapi mtu amelipa balansi mpya kumbe ni kilo ya udongo tu. Kama ni safi basi tairi limezunguka ndani ya rimu. Linazunguka kabisa, ukiwa na upepo mdogo ukikanyaga mafuta kutoka kwenye mchanga mzito rimu inazunguka na tairi linabaki nyuma kidogo, inchi moja, mbili, na zile risasi za balansi sasa haziko pale zilipopangiwa.

Kujua ni rahisi na ni bure: siku ukivalisha tairi, chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye rimu hadi ubavuni, usawa wa valvu. Ukirudi safari angalia. Mstari ukiwa umekatika umepata jibu. Mimi nachora kwa kila gari la mchangani linalopita kwangu, mteja atake asitake.

Na hapa ndo grisi inapoingia. Fundi mvivu akivalisha tairi anapaka grisi au oili chafu mdomoni ili liingie bila kutumia nguvu. Oili haikauki. Tairi limekaa kwenye utelezi, na kwenye rimu za kung'ata ndo umeua kazi nzima maana zile zinategemea mpira ushike meno. Oili pia inaula mpira. Tumia maji ya sabuni kidogo au ile losheni ya kuvalishia inayokauka, alafu usiende kupunguza upepo siku hiyo hiyo, subiri hata siku moja pakauke. Kuna kijana nilimvalishia matairi saa kumi jioni nikamwambia asubiri, saa mbili usiku ananipigia yuko juu ya mchanga na psi 12, mistari yote minne imekatika. Sikumcheka. Nilicheka baada ya kukata simu.

Rimu za tyubu: valvu imelala upande

Hii nawaandikia wenzangu wa nyumbani zaidi, wa Landcruiser za 7.50R16 kwenye rimu za vipande, zipo bado Arusha, Marsabit, kila mahali. Ukipunguza upepo, tairi likizunguka kwenye rimu linaburuza tyubu, na valvu ya tyubu imepita kwenye tundu la rimu haiwezi kwenda popote. Kwanza inalala, alafu inachanika shingoni, na hakuna kiraka cha pale. Dalili ni valvu iliyoinama. Ukiiona imeinama simama hapo hapo, usiseme nitafika kijiji cha mbele.

Kwa tyubu mimi sishuki chini ya 20 na gari ikiwa na watalii na mizigo naishia 25. Na kubana ile nati ya valvu kwa nguvu ili "isiinamishwe" ni kosa, unaificha dalili tu. Kama kazi yako kweli ni mchanga au matope kila wiki, hamia rimu ya kipande kimoja isiyo ya tyubu, tairi la 235/85R16 urefu wake unakaribiana sana na 7.50R16 kwahiyo hata spidomita haishtuki. Rimu za vipande zina uzuri wake, unaweza kubandua tairi porini kwa vyuma viwili na nyundo, ila pete yake ile ikikaa vibaya wakati wa kujaza inaruka na inaua mtu. Nimeona jeraha moja, linanitosha.

Umeshanunua bidiloku na inavuja, au bolti zinalegea

Bidiloku ya pete inafanya kazi hivi: mdomo wa nje wa tairi haukai ndani ya rimu kama kawaida, unakaa juu ya rimu kwa nje, alafu pete inawekwa juu yake na kubanwa na bolti mzunguko mzima. Mdomo umekuwa kama nyama kwenye sandwichi. Hapo hata ukiwa na psi 5 wa nje haendi kokote. Wa ndani bado anategemea kituta, kumbuka.

Ikivuja, tisa kwa kumi... yani ninachokutana nacho mimi mara nyingi ni ubanaji. Mtu kabana bolti moja hadi mwisho kwa mashine ya upepo alafu akaenda ya jirani, pete imekaa kama sahani iliyopinda. Inatakiwa uende msalaba, ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia, mzunguko wa kwanza kwa mkono tu mpaka zote ziguse, alafu nusu, alafu ndo spana ya kupimia nguvu mpaka namba ya mtengenezaji. Nyingi zinaangukia Nm 20 na kitu, ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, ukibana kama nati za gurudumu utachuna nyuzi za aluminiamu. Tembea kilomita 50 hadi 100 rudi bana tena kwasababu mpira umeshakaa. Baada ya hapo kila kabla ya safari pitisha spana. Kama hiyo kazi inakuchosha hata kusoma, bidiloku sio yako, sikutukani.

Sababu nyingine ni unene wa mdomo. Matairi hayafanani, mengine mdomo mnene mengine mwembamba, na ukibana mwembamba pete inafika kwenye rimu kabla haijaubana mpira. Wapo watengenezaji wanatoa vipande vyembamba vya kuwekea chini ya pete au juu kurekebisha, soma karatasi yake. Alafu kabla ya pete kuwekwa hakikisha mdomo umekaa katikati, ukikaa upande mmoja gari itaruka kama ngamia mpaka ubandue tena.

Bolti zikivunjika badilisha zote kwa daraja lile lile la ugumu, usiende kununua yoyote ile ilimradi nyuzi zimeingia.

Bidiloku yangu ina bolti lakini tairi limechomoka vilevile

Pole. Umeuziwa urembo. Kuna rimu nyingi tu zimetengenezwa zifanane na bidiloku, bolti zimechomekwa kwenye chuma kizima hazibani chochote. Hata sio utapeli kila wakati, wengine wanaandika kabisa ni ya muonekano, muuzaji wa hapa katikati ndo "anasahau" kusema. Kuitambua: kwenye ya kweli ukiangalia kwa pembeni unaona mpira umeingia kati ya pete na rimu, na pete ukiifungua inatoka nzima. Kwenye ya urembo mdomo wa tairi umekaa nyuma ya ukingo kama rimu yoyote, na tairi linavalishwa kwa mashine ya kawaida. Fundi akikuvalishia "bidiloku" dakika tano bila kufungua bolti hata moja, umepata jibu.

Limeshachomoka, uko mchangani, jua la saa sita

Usiendeshe hata mita kumi, ukingo wa rimu unakata ubavu. Weka ubao chini ya jeki la sivyo jeki ndo itaenda chini badala ya gari kwenda juu. Nyanyua, chimba chini ya tairi liwe huru. Sasa kazi ni mchanga: ondoa wote uliomo ndani, maji ya kunywa ya chupa mbili yatumike hapo hamna namna, pangusa mdomo na sehemu unapokaa kwa kitambaa chenye unyevu. Ukiharakisha hapa utarudi kwenye ile kesi ya kuvuja polepole.

Toa pini ya valvu upepo uingie kwa kasi. Vuta tairi kwa mikono mdomo uukaribie ukingo. Ukikataa zungusha mkanda wa kufungia mizigo katikati ya kashata, pale tairi linapokanyaga chini, mzunguko mzima, bana, mbavu zitatanuka na midomo itaenda nje. Washa kompresa. Utasikia paa mbili, mdomo mmoja alafu mwingine. Ukifika psi 40 hujasikia, simama, toa upepo, panga upya, usiendelee kusukuma ukiwa umeinama juu yake.

Ile ya kupulizia petroli au spirei na kuwasha kiberiti najua mmeiona kwenye simu. Mimi siifanyi na mtu akiifanya mbele yangu naondoka. Ndani ya tairi kunabaki mvuke, na juu ya mchanga wa Wahiba hospitali haiko karibu.

Sasa ununue ipi

Kama unaenda mchangani mara mbili tatu kwa mwaka na familia, unaishia 15 au 18, ukikwama unashuka 12 unatoka alafu unarudisha: rimu ya kawaida nzima ya H2, upana sahihi, geji nzuri, kompresa. Umemaliza. Hiyo hela nyingine nunua mchele.

Kama unaenda kila wiki, unataka 10 au 12 siku nzima bila wasiwasi na hutaki kazi ya bolti, hapo ndo rimu za kung'ata, zile ambazo pale mdomo unapokaa pamechongwa mifereji mpira uzame ndani yake. Method, watengenezaji wa rimu, wana zao za mfululizo wa 700 wanaziita Bead Grip, ndo zinazojulikana zaidi. Zinavalishwa kama rimu ya kawaida na balansi inashika vizuri. Ila sio bidiloku, na hata aliyezitengeneza hasemi ni bidiloku. Ukishuka 6 ukakata kona kama kichaa zitakuachia tu. Na kubandua tairi lake ni shughuli, mwambie fundi mapema.

Bidiloku ya pete ni ya mtu anayeishi chini ya 10: mawe, matope mazito, mashindano. Kule Iceland kwenye theluji wanashuka mpaka 2 na 3, huko huwezi kwenda bila kuubana mdomo namna fulani. Ni nzito, inataka matunzo, na nyingi zinauzwa kwa maandishi kwamba ni za nje ya barabara tu, kwahiyo ulizia trafiki na bima yako kabla, sio baada.

Bidiloku za ndani kama Staun ni tyubu ngumu inayokaa ndani ya tairi na valvu yake mwenyewe, unaijaza kama 50 psi inabana midomo yote miwili, alafu tairi lenyewe unaweka unachotaka. Hazionekani kwa nje. Ila rimu inahitaji tundu la valvu la pili, na ukipata pancha porini na kitu hicho kimo ndani utajuta kuzaliwa, angalau mara ya kwanza.

Na yoyote utakayochagua kagua inakuingia. Prado ya 150, Hilux, FJ na Patrol Y61 zote ni bolti sita kwenye duara la milimita 139.7, watu wanaazimana rimu kama viberiti, lakini tundu la katikati la Toyota hizo ni 106 na la Patrol ni 110, kwahiyo ya Toyota haipandi kwenye Patrol, na ya Patrol kwenye Toyota inacheza mpaka uweke pete ya katikati. Landcruiser za 70 za karibuni ni bolti tano kwenye 150. Rimu isitoke nje sana kwa ajili ya urembo, itakula beringi na tairi litasugua madigadi ukikata usukani. Kama ni ya aluminiamu kutoka Japani tafuta alama ya JWL, au JWL-T kwa magari ya mzigo, imepigwa kwenye chuma chenyewe. Ikiwa ni stika tu, bandua stika mrudishie muuzaji akabandike friji lake.